Mali ya Mgombea, Haiba Yake, na Kanga Uliyopewa



Kila uchaguzi unapokaribia, Unguja na Pemba, swali hili hurudi majumbani mwetu, na mara nyingi wenye kuuliza ni mama zetu: mgombea amenipa kanga na mchele, na nimeapishwa kuwa nitampa kura, je, nimefungika? Na huo mchele ambao watoto wameshakula una hukumu gani? Jawabu ya kisharia si ndefu na itakuja. Lakini kwanza tuelewe kwa nini mgombea anatoa, na kwa nini kutoa kwake kunamfaa hata pale kura ni ya siri na hakuna wa kukuchungulia.

Mali inamfikisha wapi mgombea

Kampeni ni gharama. Inataka gari na mafuta, boti ya kufika Tumbatu na Kojani, vipaza sauti, mabango, fulana, na chakula na posho za mawakala wanaokaa vituoni kutwa nzima. Asiye na kitu anaweza kuwa na fikra nzuri kuliko wenzake wote, na bado watu wa shehia ya pili wasipate kumsikia. Hii ndiyo faida ya kwanza ya mali: kujulikana. Kwa kiasi hicho hakuna wa kumlaumu tajiri.

Ila kujulikana si kukubalika. Mwaka 2020 tajiri wa Marekani, Michael Bloomberg, alitumia zaidi ya dola bilioni 1 za mfukoni mwake akitafuta kuteuliwa na chama cha Democratic kugombea urais. Kati ya sehemu zote zilizopiga kura, alishinda moja tu, visiwa vya American Samoa, kisha akajitoa.

Fedha huwa na nguvu zaidi pale wenye kuamua ni wachache. Katika uchaguzi wa watu elfu kadhaa, bahasha haziwezi kumfikia kila mtu. Katika kura za maoni za chama, ambapo wajumbe mia chache ndio wanaochuja wagombea, zinaweza. Ndiyo maana mwaka 2010 CCM ilipopeleka kura za maoni kwa wanachama wote matawini, moja ya hoja zilizotolewa ilikuwa kupunguza nguvu ya fedha. Na mwaka 2020, uamuzi uliporudi kwa wajumbe, nchi nzima ilipata msemo mpya wa "wajumbe si watu", ambao wengi waliusema kwa kicheko na baadhi kwa uchungu wa kweli, kwa sababu walikwishatoa.

Habari ya takrima

Vijana wengi hawajui kwamba jambo hili lilikuwa na kibali cha sheria. Mwaka 2000 Bunge la Jamhuri ya Muungano liliifanyia marekebisho Sheria ya Uchaguzi, likaingiza vifungu vilivyosema kuwa kinachotolewa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa kimila hakihesabiwi kuwa ni rushwa. Watu wakakiita takrima. Mpaka wa "ukarimu wa kawaida" haukuwekwa, wala kiwango hakikutajwa. Pilau ilikuwa takrima, na baiskeli nayo ikawa takrima.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wawili wakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 24 Aprili 2006 majaji watatu waliamua kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Walitazama pande mbili. Kwanza, mgombea fukara hawezi kushindana na tajiri ikiwa kutoa ni ruhusa, kwa hiyo sheria inawabagua. Pili, mpiga kura aliyekwishapokea hachagui tena kwa uhuru wake. Baadaye ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, inayoweka ukomo wa matumizi na kumtaka mgombea aeleze fedha zake zimetoka wapi na zimekwenda wapi, na inagusa hata mchujo wa ndani ya vyama. Kwetu Zanzibar, ZAECA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012 kushughulikia rushwa na uhujumu uchumi.

Hata neno lenyewe lilitumiwa vibaya. Kukirimu ni kazi ya mwenyeji kwa mgeni wake. Mgombea ndiye aliyekuja kubisha hodi kwetu, basi yeye ndiye mgeni, na mila inatutaka sisi tumpe maji ya kunywa. Mgeni anayeingia na gunia la mchele kumkirimu mwenyeji, huyo ana haja.

Kwa nini inafanya kazi

Kama kura ni ya siri, mtu si angekula huku na kumpigia mwengine? Wapo wanaofanya hivyo na kujisifu barazani. Lakini uchunguzi uliofanywa katika visiwa vya São Tomé na Príncipe, nchi ndogo ya magharibi ya Afrika ambako pesa ya kura huitwa "kuoga", unaonesha kuwa jambo si jepesi hivyo. Katika uchaguzi wa rais wa Julai 2006, mtafiti Pedro Vicente alishirikiana na tume ya uchaguzi ya huko kugawa vipeperushi nyumba kwa nyumba katika baadhi ya maeneo, vikiwahimiza watu wasiuze kura. Walipofika vipeperushi, athari ya pesa katika kuchagua ilipungua. Waliojitokeza kupiga kura nao walipungua, na aliyekuwa madarakani akapata nafuu, kwa sababu mpinzani wake ndiye aliyeitegemea zaidi pesa.

Funzo lake ni chungu kidogo. Pesa ilikuwa ikiwatoa watu majumbani. Na mwenye cheo ana vyengine vya kujivunia, kama barabara na kisima, ilhali asiye na cheo mara nyengine hana ila mfuko wake. Kwa hiyo kuzuia pesa peke yake hakumpi mnyonge ushindi. Anahitaji pia watu watakaokuja kumsikiliza bila ya kulipwa.

Kwetu sisi lipo na jengine: haya. Mtu akipokea anajiona anadaiwa. Tumelelewa kuambiwa kuwa fadhila za punda ni mateke, na hakuna anayetaka kuwa punda. Mgombea mjanja anaijua tabia yetu hii njema na anaitumia. Mwengine haridhiki na haya peke yake, humletea mtu msahafu aape.

Haiba, na mtihani wa nahodha

Wenye mali wengi hushindwa, kwa sababu watu pia hutazama mtu. Tatizo ni tunachokitazama. Mwaka 2009 watafiti John Antonakis na Olaf Dalgas wa Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, waliwaonesha watoto wa miaka 5 hadi 13 picha mbili mbili za watu wasiowajua, wakawauliza: katika hawa, nani ungemchagua awe nahodha wa chombo chako? Picha zilikuwa za wagombea wa ubunge wa Ufaransa wa mwaka 2002, mshindi na aliyemfuatia. Kwa kiasi cha mara 7 katika 10, mtoto alimchagua yule ambaye watu wazima walimpa kura. Mtoto hakujua chama wala sera. Alitazama uso tu, na ikaonekana watu wazima nao hawakumpita mbali.

Sisi watu wa visiwani tuna haki ya kushangaa, kwa sababu nahodha hachaguliwi kwa sura. Mwenye jahazi kabla ya kumkabidhi mtu chombo huuliza amesafiri na nani, alifanya nini siku ya dhoruba, mabaharia walilipwa au walidhulumiwa, na mzigo ulifika umetimia? Tunauliza yote haya kwa magunia ya karafuu, kisha jimbo zima tunampa mtu kwa kuwa ni mcheshi na hakosi mazikoni.

Imepokewa kwa 'Umar bin Al-Khattwab (Radhiya Allahu 'anhu) kuwa mtu mmoja alimsifu mwengine mbele yake. 'Umar akamuuliza kama aliwahi kuwa jirani yake, kama aliwahi kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu, na kama aliwahi kusafiri naye. Yote akajibu hapana. 'Umar akamwambia huenda alimuona tu msikitini akiinua na kuinamisha kichwa, na kwamba basi hamjui mtu huyo. Kwa mgombea wa leo maswali hayo hayajachakaa. Anawalipa wafanyakazi wake kwa wakati? Mirathi ya nduguze aliigawa vipi? Alipokopa alirudisha? Majirani wanajua.

Wala wema peke yake hautoshi. Abu Dharr (Radhiya Allahu 'anhu), ambaye hakuna wa kuitilia shaka ikhlasi yake, alipoomba kupewa uongozi, Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alimweleza kuwa yeye ni dhaifu na kwamba jambo hilo ni amana. Hadithi iko kwa Muslim. Mtu anaweza kuwa mpenzi wetu, hodari wa swala na mpole, na bado hawezi kusoma bajeti ya wizara.

Sharia inasemaje kuhusu mali ya kiongozi

Katika Suratul Baqarah, aya ya 247, Wana wa Israili walipoelezwa kuwa Twalut ndiye mfalme wao, pingamizi lao mojawapo lilikuwa kwamba hana wasaa wa mali. Wakajibiwa kuwa Allah amemchagua na amemzidishia elimu na nguvu za mwili. Kwa hiyo umasikini haumwondolei mtu sifa ya kuongoza.

Wala utajiri haumwondolei. 'Uthman bin 'Affan (Radhiya Allahu 'anhu) alikuwa tajiri, akakinunua kisima cha Ruma na kukifanya wakfu kwa Waislamu, na akaliandaa jeshi la Tabuk kwa mali yake. Lakini tazama wakati: alitoa miaka mingi kabla ya ukhalifa, na hakumuomba mtu kitu.

Basi tutapambanua vipi sadaka na hongo? Kipimo kimo katika hadithi ya Ibn al-Lutbiyyah, iliyomo kwa Bukhari na Muslim. Alitumwa kukusanya zaka, aliporudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) akaghadhibika, akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama angeletewa zawadi. Lile lilikuwa kwa mwenye kazi anayepokea, nasi tunaligeuzia kwa mpiga kura: lau usingekuwa na kadi ya kupigia kura, kanga hii ingekufika? Yule mfanyabiashara anayefuturisha mtaa kila Ramadhani kwa miaka 15, mwaka wa uchaguzi akifuturisha, ni desturi yake. Aliyeanza miezi mitatu kabla ya kampeni, jawabu tunaijua sote.

Wanavyuoni, akiwemo Mufti Muhammad Shafi' wa Pakistan, wameieleza kura kuwa ni ushahidi: unashuhudia kuwa mtu huyu anafaa. Ushahidi haupokelewi ujira. Na katika hadithi ya watu watatu ambao Allah hatowasemesha Siku ya Kiyama, mmoja ni aliyempa kiongozi bay'a kwa ajili ya dunia tu, akipewa anatimiza na asipopewa hatimizi.

Sasa maswali yetu

Kilichotolewa kwa sharti la kura ni rushwa, na laana imewagusa mtoaji na mpokeaji. Kama kipo bado, kirudishwe. Wapo wanavyuoni walioona asirudishiwe mtoaji aliyekusudia haramu, bali wapewe masikini. Ama kukaa nacho, hapana. Aliyekula bila ya kujua, hana dhambi kwa alichokula. Aliyejua, atubie, na kama ana uwezo atoe kiasi chake kwa masikini. Ama tangi la maji lililojengwa kwa ajili ya shehia nzima, kunywa maji yake si haramu kwa wananchi, na kwa rai yetu halimlazimishi yeyote kumpa kura aliyelijenga.

Kiapo hakiigeuzi haramu kuwa halali. Aliyeapa kisha akaona mwengine anafaa zaidi, ampigie anayefaa na atoe kafara ya yamini: kulisha masikini 10 au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku 3, kama ilivyo katika Suratul Maidah, aya ya 89. Na ikiwa kwa dhati yake anaona yule aliyemuapisha ndiye bora, ampigie, na kanga airudishe vilevile.

Limebaki la akina baba. Baadhi hupokea kwa niaba ya nyumba nzima, wakaahidi kura za wake zao na watoto wao waliofikia umri. Utiifu wa mke kwa mumewe hauingii katika ushahidi wake mbele ya Allah, na mtu hawezi kuuza kisichokuwa chake. Mume aliyeahidi hivyo akamwambie aliyempa kuwa ahadi ile haikuwa yake kuitoa, na mke asione uzito kumkumbusha.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.