Je, Benki ya Kiislamu ni Imara Zaidi?

Mwezi Februari 2001, Ihlas Finans ya Uturuki, iliyoendeshwa pasipo riba, ilifutiwa leseni. Amana zake hazikuwa na bima, na wenye fedha walisubiri kwa miaka.

Kwa nadharia, jambo hilo lisingetarajiwa. Benki ya kawaida humwahidi mwenye amana riba maalumu. Hasara ikitokea, mtaji wa benki ndio huibeba. Katika mudharaba, mwenye amana hushiriki faida na hasara, hivyo mzigo hugawanyika. Lakini sehemu kubwa ya shughuli za benki za Kiislamu ni murabaha: benki hununua bidhaa, kisha humwuzia mteja kwa bei ya juu, naye hulipa kidogo kidogo. Asipolipa, hasara haitofautiani sana na ile ya mkopo mbovu.

Uimara hupimwaje? Chukua mtaji na faida kwa kila shilingi 100 za rasilimali, ujumlishe, kisha ugawanye kwa kiasi ambacho faida huyumba kwa kawaida kila mwaka. Mtaji ukiwa 10, faida 2, na kuyumba 3, jibu ni 4. Kuyumba kukipungua hadi 1, jibu ni 12, nayo benki i mbali zaidi na kufilisika.

Mwaka 2008, Martin Čihák na Heiko Hesse wa Shirika la Fedha la Kimataifa walitumia kipimo hicho. Benki ndogo za Kiislamu zilizishinda benki ndogo za kawaida; kwa benki kubwa, matokeo yakageuka.