Balozi Akirudi, Ni Nini Kinarudi?



Mnasikia redioni kwamba Kongo na Rwanda "wamekata mahusiano ya kidiplomasia", na siku nyingine kwamba "yatarudishwa". Sisi wa Luvungi hatuwezi kuyapita maneno hayo. Kamanyola ni jirani yetu, na ukivuka pale uko Bugarama, Rwanda. Basi tueleze maana yake, maana wengi wanachanganya mambo matatu: balozi, mpaka na amani.

Tumwangalie Yakobo akirudi kwa Esau. Hakufika ghafla mlangoni. Alituma wajumbe kwanza, nao wakamletea habari kwamba ndugu yake anakuja na watu 400. Yakobo aliogopa sana, lakini hakuacha kutuma: zawadi za mifugo zilitangulia, kundi nyuma ya kundi, ndipo yeye mwenyewe akatokea. Balozi ni mjumbe wa namna hiyo. Anakaa katika mji mkuu wa jirani, anapeleka maneno ya Rais wake, na anawaangalia raia wa kwao waliopata shida huko. Mtu wetu akifungwa Kigali, au akipoteza karatasi zake, ubalozi ndio mlango wa kubisha.

Kukata kunakwenda kwa hatua. Mwezi wa kumi 2022, M23 walipokuwa wakisonga mbele Rutshuru, Kinshasa ilimfukuza balozi wa Rwanda, Vincent Karega, ikampa saa 48. Hata hivyo watu waliendelea kuvuka mpaka. Mwezi wa kwanza 2025, vita ikiwa karibu kuingia Goma, Kongo iliwaita wanadiplomasia wake wote warudi kutoka Kigali. Hapo ndipo mahusiano yalikatwa kabisa. Kumbe hata wakati huo kuna sheria: Mkataba wa Vienna wa 1961 unadai nyumba ya ubalozi ilindwe ingawa wenyewe wameondoka, na unaruhusu nchi ya tatu kuangalia mambo yao.

Kinyume chake pia kimetokea. Rwanda na Uganda walipogombana, mpaka wa Gatuna ulifungwa 2019 hadi mwanzo wa 2022, lakini mahusiano ya kidiplomasia hayakukatwa. Mabalozi wapo, mama wa soko hapiti. Kwa hiyo ukisikia habari ya ubalozi, usifunge safari kabla ya kuuliza habari ya mpaka.

Na kurudisha je? Hapo subira inahitajika. Baada ya vita ya 1998, Kongo na Rwanda walitia saini amani Pretoria tarehe 30/7/2002. Je, mabalozi walirudi mwaka ule? Hapana. Walitajwa 2009, mwaka ambao Rais Kabila na Rais Kagame walikutana Goma, tarehe 6/8. Miaka saba! Mtoto aliyezaliwa siku ya saini alikuwa tayari shuleni. Desturi yenyewe ni ya taratibu: nchi inapendekeza jina, nchi nyingine inalikubali au kulikataa kimyakimya, kisha balozi anafika na kumkabidhi Rais barua yake ya utambulisho. Kabla ya barua hiyo, bado hajaanza kazi kikamilifu.

Ndiyo sababu tusishangae sana. Tarehe 27/6/2025 mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizi mbili walitia saini Washington. Tarehe 4/12/2025 marais wenyewe wakatia saini huko huko, na siku zile zile vita ilikuwa hapa kwetu katika tambarare ya Ruzizi, ikashuka mpaka Uvira. Walioacha nyumba na kukimbilia Burundi hawahitaji kuelezwa tofauti ya karatasi na amani.

Lakini karatasi si bure. Esau na Yakobo walikumbatiana, wakalia, kisha wakaachana: mmoja Seiri, mwingine Sukothi. Hawakujenga boma moja. Ila Isaka alipokufa, walimzika wote wawili. Mataifa jirani nayo yana mambo ambayo hakuna anayeweza kuyafanya peke yake. Umeme wa Ruzizi II ni wa Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, kupitia kampuni SINELAC. Mto hauulizi nani amemfukuza balozi wa nani. Kuna wafungwa, kuna wakimbizi wa pande zote. Kwa mambo hayo lazima awepo mtu wa kupokea simu, hata kama hampendani.

Kwa waliotengana na watoto au wazazi wakati wa kukimbia: msingoje balozi. Msalaba Mwekundu wa kimataifa, tunaowaita CICR, hupokea majina ya waliopotea na kuwatafuta hata ng'ambo ya mpaka. Nendeni na jina kamili, jina la baba na la mama, na mahali mlipoonana mara ya mwisho.