Miche ikidumaa, tazama mizizi kabla ya kununua dawa

Mbegu za nyanya zimeota siku ya sita au ya saba, majani mawili ya mwanzo yametoka, kila mtu nyumbani amefurahi. Kisha mambo yanasimama. Wiki ya tatu inapita, ya nne inapita, na mche ni ule ule, urefu wa kidole, majani yamekuwa ya manjano au yamejikunja. Malalamiko haya ni ya kawaida kwa wanaopanda mboga kwenye ndoo, makopo na mifuko barazani, darini au ndani karibu na dirisha. Na aghalabu hatua ya kwanza huwa ni moja: kwenda agroveti kuuliza dawa ya wadudu.

Hapo ndipo pesa zinapopotea. Wadudu wa udongoni wapo, na tutawafikia, lakini kwa miche ya nyumbani hapa pwani mara nyingi shida ni maji, udongo au chombo chenyewe. Tena dawa hiyo inamwagwa barazani, pale pale watoto wanapocheza na nguo zinapoanikwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, toa mche mmoja sadaka. Chagua ule uliodumaa zaidi, mwagilia maji udongo ulainike, kisha utoe taratibu pamoja na udongo wake na uusuuze mizizi ndani ya bakuli la maji safi. Mizizi mizima ni myeupe na imetawanyika. Ikiwa ya kahawia, milaini na inanuka kuoza, maji yamezidi au kopo halina matundu. Ikiwa mifupi na ncha zimeungua, shuku chumvi au samadi mbichi. Ikiwa imejizungusha ndani ya kopo kama kamba, mche umekosa nafasi tu, uhamishe. Na ikiwa ina vifundo vifundo, hapo sasa tuzungumze wadudu.

Nianze na chumvi, kwa sababu sisi tunaishi nayo. Maji ya mfereji Mombasa hayatoki kila siku, na nyumba nyingi hutegemea visima ambavyo maji yake yameingiliwa na bahari. Maji hayo yanaoshea vyombo bila taabu, lakini mche mchanga hauyawezi. Chumvi ikijaa udongoni, mizizi hushindwa kuvuta maji hata kama udongo umelowa, na mche huonekana una kiu saa zote. Mwenye mche akiona hivyo huongeza maji, yale yale ya chumvi. Dalili zake ni ukingo wa majani kuungua na utando mweupe juu ya udongo au kwenye mdomo wa kopo. Kipimo chake hakihitaji maabara: panda mbegu za pakiti moja kwenye makopo mawili yenye udongo mmoja, moja ulinyweshe maji ya kisima, jingine maji ya mvua au ya mtungi uliyonunua. Baada ya wiki tatu utapata jawabu lako. Kama kisima ndicho kilichokosa, weka maji matamu kwa ajili ya miche peke yake, maana haihitaji mengi, na ile mikubwa ndiyo ipate ya kisima. Maharage ni dhaifu sana kwa chumvi. Spinachi ina uvumilivu mkubwa zaidi.

Chumvi huingia kwa mlango mwingine pia, nao ni makumbi ya nazi. Unga wa makumbi ni mzuri kwa miche, ni mwepesi na unashika maji. Lakini makumbi yaliyofukiwa kwenye matope ya bahari ili kutolewa usumba wa kamba huja na chumvi yake. Yaloweke kwenye maji matamu na uyamwage, mara mbili tatu, kabla ya kuyatumia.

Udongo wa juu ya matumbawe nao una tabia yake. Una chokaa nyingi, na chokaa huyazuia madini ya chuma yasiingie mmeani. Utaona majani machanga yamekuwa ya manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Watu wengi hapo huongeza jivu, wakidhani ni mbolea na dawa kwa pamoja. Jivu linafanya kazi ile ile ya chokaa, kwa hivyo kwenye udongo huu linazidisha maradhi. Changanya mboji iliyooza sawasawa. Na nasisitiza iliyooza: kinyesi cha kuku kibichi huunguza mizizi ndani ya siku chache, na cha mbuzi kikiwa kibichi si salama kwa miche vilevile.

Sasa wadudu. Mbaya kuliko wote kwetu ni minyoo fundo, vijinyoo visivyoonekana kwa macho, vinavyopenda udongo wa kichanga wenye joto, yaani udongo wetu hasa. Huingia ndani ya mizizi na kuifanya ivimbe vifundo, na mche hunyauka adhuhuri hata ukiwa umenyweshwa. Nyanya, biringani na bamia huathirika sana. Tahadhari moja: kunde na maharage huwa na vifundo vyao vya heri, vinavyoupa mmea mbolea. Hivyo hubanduka ukivisugua kwa kidole. Vya minyoo havibanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba. Mche wenye minyoo hauna tiba. Utupe pamoja na mizizi yake, na usiurudishe udongo ule kwenye kopo jingine.

Wale vijinzi weusi wadogo wanaoruka ukigusa kopo ni dalili ya udongo usiokauka. Watoto wao, vifunza vyeupe vyenye kichwa cheusi, ndio wanaotafuna mizizi. Weka kipande cha kiazi mbatata kibichi juu ya udongo usiku mmoja au miwili, kisha ukigeuze. Kama wapo utawaona chini yake. Uache udongo ukauke juu kabla ya kunywesha tena, na uendelee hivyo kwa takriban wiki tatu ili kizazi kizima kiishe. Ukikuta mche umekatwa chini asubuhi, fukua kidogo utampata kiwavi mnene wa kijivu amejikunja. Dawa yake ni kidole chako. Mche ukianguka wenyewe ukiwa na shina jembamba, limenywea usawa wa udongo, huyo si mdudu bali ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoletwa na maji mengi na miche kusongamana.

Udongo unaweza kusafishwa bila sumu. Ulowanishe, utie kwenye mfuko wa plastiki unaopenya mwanga, uutandaze uwe mwembamba na uuache juani juu ya dari wiki 4 hadi 6. Jua letu linaitosha kazi hiyo. Mwenye haraka aupike kwa mvuke nusu saa kwenye sufuria kuukuu, lakini afanye uani, kwani harufu yake haivumiliki. Mwarobaini pia husaidia, na nguvu kubwa imo kwenye mbegu zake kuliko majani: zikaushe, uzisage na uchanganye kiasi kidogo kabla ya kupanda.

Kuhusu dawa za chengachenga zinazotiwa udongoni, tusisahau Furadan. Ilitumika nchini kuua minyoo, ikaishia kuua simba, na mwaka 2009 kampuni ya FMC ikaanza kuiondoa sokoni Kenya. Dawa yoyote isiyo na nambari ya usajili ya bodi ya dawa za wadudu, PCPB, isiingie nyumbani, na inayopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye gazeti ndiyo kabisa.

Miche iliyodumaa kwa chumvi au kwa kopo dogo hupona ikihamishwa mapema, na ndani ya siku kama kumi utaona jani jipya. Lisipotoka, panda mbegu nyingine. Kuanzia mbegu hadi kuhamisha ni wiki nne hadi sita tu.