Midomo Iliyosomwa Baada ya Miaka Mia

Filamu ya The Battle of the Somme ilianza kuonyeshwa Uingereza Agosti 1916, wakati mapigano yenyewe ya Vita vya Kwanza vya Dunia yakiendelea kule Ufaransa. Inakadiriwa kuwa tiketi milioni 20 hivi ziliuzwa katika wiki 6 za mwanzo. Katika kumbi hizo za giza, watazamaji wengi walikuwa na mtu wao kule vitani, mwana, mume au kaka, na kila kundi la askari lilipopita mbele ya kamera walikodoa macho huenda wakamwona.

Kipande kimoja cha filamu hiyo hakijaacha kuwasumbua watu hadi leo. Askari anatembea ndani ya handaki akimbeba mwenzake mgongoni, na kwa nukta chache anaitazama kamera. Maandishi ya filamu yanasema aliyebebwa alikufa nusu saa baada ya kufikishwa. Aliyembeba hakutajwa jina. Tangu hapo familia nyingi zimejitokeza, kila moja ikiapa kwamba huyo ni babu yao: pua ile, paji lile la uso, namna ile ya kukaza taya. Hawezi kuwa babu wa wote, na bado hakuna aliyethibitisha ni wa nani.

Karne moja baadaye, picha za aina hiyo zilifika mikononi mwa Peter Jackson, mwongozaji wa filamu kutoka New Zealand. Jumba la makumbusho la Imperial War Museum la London lilimkabidhi takribani saa 100 za picha za vita, pamoja na saa 600 za mazungumzo ya askari wa zamani yaliyorekodiwa miongo kadhaa nyuma. Filamu yake, They Shall Not Grow Old, ilitoka mwaka 2018. Hakuchukua malipo, na kazi hiyo aliihusisha na babu yake mwenyewe, William Jackson, aliyepigana katika jeshi la Uingereza na kufa kabla mjukuu hajazaliwa.

Tatizo la kwanza lilikuwa mwendo. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono: mpiga picha mwenye haraka alipata fremu 18 kwa sekunde, aliyechoka 10. Zilipoonyeshwa kwa mwendo mmoja wa mashine, askari walionekana wakirukaruka kama vikaragosi, na kwa miaka mingi watu waliwaona hivyo, wakataka hata kucheka. Jackson na wenzake waliukadiria mwendo wa kila kipande, kisha kompyuta ikajaza fremu zilizopungua. Katika mahojiano, Jackson alieleza kwamba kilichomshangaza si milipuko wala rangi, bali nyuso. Askari walipoanza kutembea kama watu, walionekana kuwa watu. Wengi wametulia wakiikodolea kamera, kwa sababu, anavyoeleza, hawakuwahi kuona kamera ya sinema, wakadhani wanapigwa picha ya kawaida inayomtaka mtu asitikisike.

Kisha ikaja midomo. Mwaka 1916 hapakuwa na kipaza sauti pale handakini, ila midomo ilichezacheza. Wakaitwa wasomaji wa midomo, wataalamu wa kutambua maneno kwa kutazama mdomo tu, wakakaa mbele ya skrini wakirudia kipande kilekile tena na tena. Walichokipata hakikuwa hotuba: mzaha, maagizo madogomadogo, mmoja akiwaambia wenzake kwamba wanapigwa picha. Baada ya hapo nembo za sare zilichunguzwa ili kujua kikosi kilitoka mkoa gani, na maneno yakasomwa na waigizaji wenye lafudhi ya mkoa huohuo. Uangalifu huo haukuwa wa bure. Mtu wa Lamu akiwekewa sauti ya mtu wa Mbeya, ndugu zake watang'amua kabla hajamaliza sentensi.

Hata hivyo, sauti zinazoibeba filamu ni za wazee. Baadhi yao walirekodiwa na BBC miaka ya 1960, wakisimulia mambo yasiyoandikwa kwenye mnara wowote: choo cha handakini, chai iliyopikwa kwa maji ya moto kutoka kwenye bunduki ya rashasha. Mmoja anakumbuka kwamba aliporudi kazini, mwenzake alimuuliza alikuwa wapi siku zote hizo, au amehamishiwa zamu ya usiku. Ni wazi kwa nini wengi wa hao wazee walinyamaza nyumbani, na kwa nini mjukuu anayewasikia leo anahisi anaambiwa kitu ambacho babu yake hakumwambia. Lakini uso unaoonekana si wa anayesema, na majina hayaandikwi chini ya picha. Je, mjukuu analia kwa ajili ya babu yake, au kwa ajili ya kijana wa familia nyingine? Na rangi zilizotiwa na kompyuta zinamrudisha marehemu, au zinamtengeneza upya?

Jackson alijifunga kwenye jambo moja tu: askari wa miguu wa Uingereza katika mahandaki ya Ulaya. Wanamaji na marubani hawamo, wala medani nyingine za vita. Wapagazi wa Afrika Mashariki waliolibebea mizigo jeshi la Uingereza, ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, hawamo.

Hao walisubiri filamu nyingine, The Unremembered, iliyotoka Uingereza mwaka 2019. Ndani yake mbunge David Lammy anafika Voi, Kenya, ambako makaburi ya Waingereza yamepangwa na kutunzwa, na nje ya uzio ni vichaka, mahali walipozikwa Waafrika bila jiwe. Filamu hiyo ilizusha uchunguzi wa tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Ripoti ya Aprili 2021 ilisema watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Familia zao, tofauti na zile zinazogombania uso wa mbebaji wa Somme, nyingi hazina hata kipande cha picha cha kubishania.