MAJI YA MLIMA, TUYACHELEWESHE

Wanafunzi wenzetu, tukiuliza sababu gani mto unafurika, karibu wote munajibu: mvua imekuwa nyingi. Ni kweli, lakini ile ni nusu ya jibu tu.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe uliingia katika mji wa Uvira. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mito ya Kalehe ilishuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Mito ile si mirefu: inatoka mlimani na kukimbia moja kwa moja mpaka ziwani. Basi ubaya si wingi wa maji peke yake, ni mbio yake pia.

Fanya jaribu hili. Mwaga chupa moja ya maji kwenye mteremko wenye majani, na ingine kwenye mteremko wa udongo mtupu. Pale pa kwanza maji yanaingia chini. Pale pa pili yanakimbia, tena yanabeba udongo. Udongo ule unajaza mto, mto unakosa kina, na maji yanatafuta njia kati ya nyumba zetu.

Namna gani kuyachelewesha?

1. Msitu. Majani yanapokea mvua, na mizizi inafungua udongo ili maji yaingie.

2. Shamba la mteremko. Tulime kwa kukingama mlima, si kutoka juu kwenda chini. Tuchimbe mitaro, na kando yake tupande majani ya kulisha ng'ombe.

3. Mabonde ya mafunjo. Yale ni ghala ya maji. Ukiyakausha yote, maji yatakwenda kulala wapi?

Watu wa Pickering, mji mdogo wa Uingereza uliofurika mwaka 2007, walifanya kazi ya namna hii. Tangu 2009 walipanda miti, wakalaza magogo juu ya vijito, na wakajenga ukingo wa udongo wa kushika maji juu ya mji. Desemba 2015 mvua kubwa ilinyesha, na mji haukufurika. Wataalamu walihesabu kwamba nguvu ya mto ilipungua kwa asilimia 15 mpaka 20.

Tusidanganyane: milima yetu ni mikali kuliko ile, na mvua kali sana itashinda hata msitu. Tena hakuna mti utakaookoa nyumba iliyojengwa ndani ya njia ya mto. Lakini kupunguza si kazi bure: maji ya magoti na maji ya shingo si sawa.

Kuna neno gumu la mwisho. Wengi kati yetu, minervali yetu inatoka katika makala. Miti ile ile inayotulipia masomo ndiyo iliyokuwa inashika maji. Hatuwezi kumwambia mzazi aache tu. Lakini likizo ikifika, tumsaidie kupanda miti ya kuchoma mahali pake, na tuache ile ya kwenye chemchemi na kando ya mto isimame. Kijito kinachopita nyuma ya nyumba yenu, nani anakiangalia kule juu?