Bonobo: jike peke yake ni mdogo, majike pamoja hawatishwi

Wamama na mabinti, wiki hii tunawaletea habari ya jirani yetu wa porini asiyepatikana katika inchi nyingine yoyote duniani, ila kwetu Kongo. Ni bonobo, ndugu ya sokwe, anayeishi katika misitu iliyo kusini ya mto Kongo. Wenye elimu wanasema urithi wa mwili wake na wetu unafanana kwa karibu asilimia 99. Wengi wetu tunaoishi mbali na misitu hiyo hatujamwona hata siku moja.

Tumezoea kusikia kwamba porini mwenye nguvu ndiye anayetawala. Kati ya sokwe ni hivyo: dume hupiga jike na kumnyang'anya chakula. Bonobo dume naye ni mkubwa kuliko jike. Ana kilo 40 hivi, na jike ana kilo 30 na kidogo. Lakini kwa bonobo, mara nyingi majike ndio wanaotangulia kula, na dume husubiri.

Wanawezaje? Wanaungana. Dume akimsumbua jike mmoja, wengine huja mbio wakipiga kelele na kumfukuza dume mpaka akimbie. Mwaka 2025 watafiti walitoa matokeo ya kumbukumbu za miaka 30 hivi kutoka jamii 6 za bonobo wa Kongo. Walikuta kwamba pale majike wanapoungana mara nyingi, ndipo wanapokuwa na mamlaka juu ya madume.

Tena majike hao si ndugu wa tumbo moja. Kwa bonobo, mtoto wa kiume hubaki na mama yake, na binti akikomaa huondoka kwenda kuishi katika kundi lingine, kama bibi-arusi. Anafika huko akiwa mgeni, hana dada wala shangazi. Watafiti wa Japani, waliofuata bonobo huko Wamba tangu miaka ya 1970, waliona anavyofanya: anamchagua jike mkubwa wa kundi, anakaa karibu naye, anamsafisha manyoya, mpaka anakubaliwa. Hivyo mgeni anapata mtetezi.

Mama bonobo hasahau mtoto wake hata akikua. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba dume ambaye mama yake yuko kundini ana nafasi karibu mara 3 zaidi ya kupata watoto kuliko yule asiye na mama. Mama humsogeza mwanawe karibu na majike, na kufukuza madume wanaomsumbua.

Na sisi wanadamu? Tunawapita kwa mengi. Tuna lugha, tunaandika, tunaweza kumtetea mwanamke tusiyemjua, aliye mbali na kijiji chetu. Tunaweka akiba ya likelemba na kumwamini mwenzetu kwamba zamu yake ikipita hatakimbia. Bonobo hawezi hayo. Lakini tujiulize: mwanamke akipigwa katika nyumba ya jirani, ni wangapi wetu wanatoka? Mara ngapi tunasema, "Hayo ni mambo ya nyumba yao"? Na bibi-arusi akifika katika familia, je, anapata mama wa kukaa karibu naye, au anapata mawifi wa kumhesabia makosa?

Tuna deni lingine pia. Bonobo jike huzaa mtoto mmoja tu, na hupita miaka 5 hivi kabla ya kuzaa mwingine. Kwa hiyo mwindaji akiua mama mmoja, pengo lake halizibwi upesi. Sheria ya Kongo inakataza kumwinda, kumuuza na kumla, lakini nyama yake bado inauzwa. Kila mtoto wa bonobo anayeuzwa sokoni, ujue mama yake ameuawa, kwa sababu mama hamwachi mtoto wake akiwa hai.

Karibu na Kinshasa kuna kituo cha Lola ya Bonobo, kilichoanzishwa na Claudine André mwaka 1994. Kinapokea yatima hao. Kila mtoto hupewa mama mlezi, mwanamke wa Kongo, anayembeba, anayemnywesha maziwa kwa chupa na kumbembeleza, kwa sababu mtoto asiyeguswa anaweza kufa hata akishiba. Tangu mwaka 2009 baadhi yao wamerudishwa katika msitu wa Équateur.

Basi tunaomba mambo mawili. Tusinunue nyama ya bonobo wala mtoto wake, hata kwa huruma. Ukimnunua, unamtuma mwindaji arudi porini. Pili, katika kikao cha wiki hii, kila kikundi kichague wamama wawili wa kutembelea wake wapya wa mtaa wao. Waende, wakae nao, wawaambie mlango wa kugonga usiku wakipata shida.