Kamashua kadogo, muzigo mukubwa

Ndugu bafanyakazi, ba mama wa kambi, leo siandike juu ya mushahara. Ninaandika juu ya mashua ya kuchezea. Mutacheka, lakini musome mpaka mwisho.

Kijana wangu iko na miaka 12. Mvua ikinyesha sana, bwawa nyuma ya kambi linajaa. Yeye na barafiki yake bametengeneza remorkeri, ni kusema mashua ndogo yenye kuvuta ingine kubwa. Mwili ni bidoni ya mafuta iliyokatwa. Moteri imetoka mu radio ya zamani, nguvu inatoka mu mabuye mawili ya toroshi. Muzigo ni nusu ya jerikani, na mawe ndani.

Siku ya kwanza, mashua iliruka kwa nguvu, uzi ukakatika. Tena ikakatika. Njo bakajifunza: kwanza unyooshe uzi polepole, kisha nguvu.

Siku ya pili, bakafunga uzi ku mukia. Mashua ikakataa kugeuka. Sababu ni hii: kichwa kikitaka kwenda kushoto, mukia lazima uende kuume, lakini muzigo unaukamata. Bakahamisha musumari karibu na katikati, nyuma kidogo. Ikageuka vizuri.

Siku ya tatu, muzigo ukapita ku kando, uzi ukavuta mashua kwa ubavu, ikapinduka. Hata remorkeri za kweli zinazama vile. Kwa hiyo ziko na ndoano yenye kufunguka mara moja. Batoto bakaweka waya ya kufunguka, na mabuye bakayashusha chini kabisa.

Musiseme ni mambo ya batoto tu. Mu Ulaya batu bazima banatengeneza hizi mashua, banaziendesha kwa radio. Mbili zinaleta meli kubwa ku kivuko: moja inavuta mbele, ingine inashika nyuma. Furaha yenyewe ni kuona kitu kidogo kinatembeza kitu kikubwa.

Na sisi batu ba shaba tuko ndani ya hadisi hii. Tangu mwaka 1928, reli ilifika Ilebo. Shaba yetu ilishuka pale ku mukono wa maji, mashua zikaipeleka ku muto Kasai mpaka Kinshasa, kisha reli tena mpaka Matadi. Baba zetu balichimba, mashua zikabeba.

Sasa neno langu. Miaka imepita, kamarade wangu alivunjika muguu. Kamio ilikwama mu matope, chef akasema ivutwe upesi. Dereva akaondoka kwa nguvu, kabulu ikakatika, ikarudi kama fimbo. Kamarade alikuwa amesimama mu laini ya kabulu. Hakuna aliyemufundisha.

Ku bwawa, kosa linagharimu uzi. Ku mugodi, linagharimu muguu wa baba wa familia. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu: kabulu iangaliwe mbele ya kazi, mutu mumoja tu atoe ishara, na hakuna mutu asimame mu laini ya kabulu ikinyooka. Chef akisema upesi, mumujibu: polepole kwanza.

Jana nilisimama nyuma ya jerikani ya batoto. Kijana akapiga kelele: "Papa, toka mu laini!" Nikatoka.